Njia ya Dimbwi la Mikuyu

Jumamosi nyumbani kwa mzee Mboje ilikuwa na ratiba yake, na ratiba hiyo haikumwogopa mtu. Asubuhi ilikuwa palizi ya pamba. Jua lilipoanza kuchoma mgongo, watu walirudi nyumbani kula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Baada ya hapo, na si kabla, Stephania aliruhusiwa kuchukua mkuki wake na kushuka mtoni.

Stephania alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, katika kijiji kimoja nje kidogo ya Nkololo. Wenzake walipenda mpira, wengine walipenda simu za kaka zao. Yeye alipenda kambare. Mto wa kijijini kwao ulikuwa mto wa msimu. Mvua zikipumzika mwezi wa pili, mto ulikatika ukabaki madimbwi, na maji yakatulia mpaka unaona mchanga wa chini. Hapo ndipo mwenye mkuki na subira alipopata kitoweo.

Baba yake, mzee Mboje, alimfundisha tangu akiwa na miaka minane, na masharti ya baba aliyajua kama jina lake. Usiingie majini, kuna kichocho. Simama ukingoni au juu ya jiwe. Kivuli chako kisianguke juu ya maji. Samaki huonekana juu kuliko pale alipo, kwa hiyo lenga chini yake. Tena kabla hujatafuta samaki, tafuta kwanza njia ya kutokea.

Kulikuwa na desturi moja zaidi. Njia ya kwenda mtoni iligawanyika sehemu mbili penye kichuguu kikubwa. Kila aliyepita hapo alivunja tawi bichi na kuliweka kwenye njia aliyoshika, na akirudi aliliondoa. Wavuvi wote wa kijiji walifanya hivyo, ili maji yakija ghafla watu wajue nani amebaki wapi.

Mambo yote yalikwenda vizuri mpaka alipokuja Abdulrazak.

Baba yake Abdulrazak alikuwa afisa ugani, amehamishwa kutoka Pangani mwezi wa kwanza. Mwanzoni watoto walicheka namna kijana huyo alivyozungumza, maana kila sentensi yake ilianza na "samahani" na kuishia na "tafadhali". Lakini siku moja alikuja kwenye dimbwi la darajani, ambako watoto wote huvua. Alibeba mkuki mwembamba wa chuma. Kwao, alisema, maji ya bahari yakipwa, watoto hutembea juu ya mwamba na kuchoma pweza kwa mikuki ya namna hiyo. Siku hiyo Stephania alipata kambare mmoja. Abdulrazak alipata watatu.

Jumatatu darasa zima likamwita Bwana Kambare. Mwaka mzima uliopita, Stephania ndiye aliyekuwa akiitwa Bibi Kambare. Sasa hakuna aliyemkumbuka. Iliuma, na wala tusijifanye haikuuma. Alimaliza wiki ile bila kumtazama mgeni usoni.

Ijumaa, walipotoka shule, Abdulrazak alimkimbilia kutoka nyuma.

"Stephania, samahani. Nasikia kuna dimbwi jingine zuri, penye mikuyu. Njia yake ni ipi, tafadhali?"

Dimbwi la Mikuyu! Watoto wengine walilisikia tu; baba alikuwa amemwonyesha yeye peke yake. Mizizi ya mikuyu ilishuka mpaka majini na chini yake kambare walijificha. Stephania alisimama, akahamisha begi kutoka bega moja hadi jingine.

"Ukifika penye kichuguu kikubwa," alisema, "shika njia ya kushoto."

"Ya kushoto?"

"Ya kushoto. Fuata tu mpaka mwisho."

Njia ya kweli ilikuwa ya kulia. Ile ya kushoto ilikwenda Korongoni, mahali ambapo mto umechimba ardhi mpaka kuta zake zikawa ndefu kuliko nyumba. Huko hakukuwa na kitu zaidi ya vyura. Tena kuingia na kutoka kulikuwa na mlango mmoja tu, mbali upande wa chini.

"Wabeja!" alisema Abdulrazak kwa furaha, akishukuru kwa Kisukuma chake kipya, na akaenda zake.

Stephania alijiambia kwamba ni utani tu. Mgeni angetembea, angekuta vyura, angerudi amechoka, na Jumatatu angechekwa kidogo. Usiku ule hata hivyo alijigeuza mara nyingi kitandani.

Kesho yake palizi iliisha mapema. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. Stephania alipofika penye kichuguu alivunja tawi lake na kuliweka kwenye njia ya kulia. Kisha akaona nyayo za kandambili kwenye vumbi la njia ya kushoto. Nyayo zilikuwa mpya, lakini tawi halikuwapo. Nani angemwambia mgeni habari za tawi? Yeye hakumwambia. Alisimama pale kwa muda, akakuna kichwa, halafu akashika ya kulia.

Dimbwi la Mikuyu halikumwangusha. Alisimama juu ya jiwe, jua likiwa upande mzuri, akasubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Hatimaye kitu cheusi kikajongea polepole kutoka chini ya mizizi. Akalenga chini yake, akapiga. Kambare alikuwa na urefu wa mkono wake mzima.

Alikuwa bado anamtoa mkukini aliposikia sauti ya baba kutoka juu ya ukingo.

"Stephania! Toka huko!"

Mzee Mboje hakuwa mtu wa kukimbia, lakini sasa alikuwa anahema. Alikuwa akienda kufunga ng'ombe malishoni, na kamba yao bado ilikuwa begani.

"Mjomba wako Mayala amepiga simu kutoka Meatu. Huko juu mvua imenyesha tangu alfajiri. Maji yanakuja."

Stephania alitupa mkuki wake juu ukingoni, akapanda kwa kushika mizizi.

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

"Vizuri. Nimeona tawi moja tu pale kichuguuni. Basi hakuna mtu mwingine upande huu wa mto. Twende nyumbani, ng'wanone, mwanangu."

Baba akageuka kuondoka. Stephania alitazama mgongo wake. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua kitu. Nyayo zingefutika na watu wangesema mgeni alipotea njia.  Aibu aliyoiogopa ilikuwa kubwa, lakini hofu aliyokuwa nayo kwa ajili ya Abdulrazak ilikuwa kubwa zaidi.

"Baba, kuna mtu Korongoni."

"Nani? Mbona hakuna tawi?"

"Abdulrazak. Hajui habari za tawi. Alitaka kuja huku, na mimi nilimwambia ashike kushoto. Nilimdanganya."

Mzee Mboje alimtazama mara moja tu.

"Hayo tutazungumza baadaye," alisema. "Kimbia."

Kambare akabaki juu ya jiwe. Walikatiza mashamba ya watu bila kupiga hodi, pamba ikiwachapa miguuni, mpaka wakafika ukingoni mwa korongo. Chini kabisa, juu ya jiwe bapa, Abdulrazak alikuwa amesimama ametulia, mkuki mkononi, akichungulia maji. Aliposikia vishindo aliinua uso, akatabasamu.

"Shikamoo, mzee Mboje!"

"Marahaba! Panda juu haraka, maji yanakuja!"

"Nitapandia wapi, mzee? Mimi nimeingilia kule chini." Kisha akatazama mbinguni. "Na maji gani hayo? Mbona hakuna hata wingu? Kwetu maji yakijaa, hujaa kidogo kidogo, na saa yake inajulikana."

"Huku maji hayana saa, mwanangu!" Mzee Mboje alikuwa tayari amefunga ncha moja ya kamba kwenye kisiki, na ile nyingine akaitupa chini. "Jifunge kiunoni. Uache huo mkuki."

"Ni mkuki wa babu yangu."

"Uache!"

Abdulrazak aliusimamisha mkuki kando ya jiwe, taratibu, kama mtu atakayerudi kuuchukua. Akajifunga. Baba na binti wakavuta. Udongo ulimomonyoka, kandambili moja ikaanguka, kamba ikawachuna viganja. Stephania alivuta huku machozi yakimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mwishowe kifua cha Abdulrazak kikapita ukingo, wakamkamata shati na kumlaza kwenye nyasi.

Hapo ndipo waliposikia sauti. Ilikuwa kama ng'ombe wengi wanaoteremka kunywa maji. Halafu maji yenyewe yakakata kona, mekundu, yenye mapovu na vijiti na mabua ya mahindi. Jiwe bapa likazama. Mkuki ulisimama kidogo tu, ukalala, ukaenda. Na mbingu juu yao bado ilikuwa nyeupe.

Abdulrazak alikaa kitako, akatazama ukingo wa huku na wa ng'ambo.

"Hapa hapana mkuyu hata mmoja," alisema Abdulrazak mwishowe. "Nilidhani nimekosea njia."

Stephania alijua baba anasikiliza. "Hukukosea," alisema. "Mimi ndiye niliyekuonyesha njia ya uongo. Dimbwi la Mikuyu liko kulia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulinishinda."

Abdulrazak aliinamisha kichwa, akang'oa nyasi moja, akaikata vipande vipande. "Jana nilimwambia mama kwamba nimepata rafiki," alisema.

Stephania akaanza kufungua kamba kiunoni mwa Abdulrazak. 

"Sasa tunakwenda kwao," alisema mzee Mboje. "Na atakayeeleza ni wewe."

Mama yake Abdulrazak alikuwa uani akipeta mchele. Alipowaona wamejaa udongo alisimama. Stephania alipiga magoti akaamkia, kisha akaeleza yote tangu Ijumaa, bila kuruka kitu. Mama aliweka ungo chini. Alimvuta mwanawe, akampapasa kichwa, mabega na mikono, kama anayehesabu vidole vya mtoto mchanga. Ndipo akamgeukia Stephania.

"Na nani aliyesema kwamba mwanangu yuko kule?"

"Mimi, mama."

"Hakukuwa na mtu mwingine aliyejua?"

"Hakukuwa."

Mama alishusha pumzi. "Sitakuficha, binti yangu, uongo wako umeniuma sana. Lakini umeuleta mwenyewe mpaka mlangoni kwangu. Wapo watu wazima wasioweza hivyo. Inuka, kaa mkekani."

Ikaletwa chai. Mzee Mboje alikunywa nusu kikombe kwanza, maana hakupenda kuongea akiwa na hasira.

"Stephania," alisema, "mimi ninayo madimbwi mawili ambayo hata wewe sijakuonyesha."

Stephania akainua macho. "Mawili, baba?"

"Mawili. Ukiniuliza yako wapi, nitakujibu: sikuambii. Hiyo ni haki ya kila mvuvi. Utanuna, utakula, utasahau. Jana ungeweza kumjibu mwenzako hivyo, na wala nisingekulaumu. Lakini anayekuuliza njia amekukabidhi miguu yake. Unaweza kukataa kuipokea. Ukishaipokea, huna ruhusa ya kuipeleka pabaya, hata kwa utani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Leo nimeona kwamba anayetembezwa kwenye njia hiyo si mwongo mwenyewe. Ni yule aliyemwamini."

Alimalizia chai yake, akamgeukia Abdulrazak.

"Na wewe, kijana, unajua maji kuliko watoto wengi. Lakini ukifika ugenini, waulize wenyeji tabia ya mto wao kabla hujaangalia samaki. Tena usishuke mahali ambapo hujui utatokea wapi."

"Nimesikia, mzee."

Jioni ile Stephania alirudi peke yake nyumbani kwa afisa ugani, mkuki wake begani.

"Wa babu yako siwezi kuurudisha," alimwambia Abdulrazak. "Chukua huu. Ni wangu wa tangu darasa la pili."

Abdulrazak aliupima mkononi, akapitisha kidole kwenye mpini uliolainika kwa kushikwa. 

"Nimeupokea," alisema. "Lakini nikiwa na mkuki na wewe huna, nitamshinda nani? Tutaushika kwa zamu."

Maji yalichukua wiki tatu kutulia. Jumamosi moja, baada ya palizi na michembe, wawili hao walifika penye kichuguu kikubwa. Stephania alivunja tawi bichi, akampa mwenzake.

"Weka wewe."

Abdulrazak aliliweka kwenye njia ya kulia, akarudi nyuma kulitazama, akalinyoosha vizuri zaidi.

"Stephania," alisema wakianza kushuka, "samahani. Yale madimbwi mawili ya mzee yako wapi, tafadhali?"

"Sikuambii," alijibu Stephania.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hata mimi siyajui!"

Wakacheka, wakashuka mpaka penye mikuyu.