Sauti ya Njia ya Songwa

Siku ya gulio la Maganzo, mwaka 1954, Mwamvua alipigana kikumbo na kijana mrefu mwenye kaptura ya kaki na baragumu la bati mkononi.

"Samahani, dada. Macho yalikuwa kwenye kanga yako."

"Kanga imo mwilini mwangu, kaka. Sema kweli ulichokuwa unatazama."

Masele alicheka. Alikuwa mpiga mbiu, akiwatangazia wenye maduka. Kabla jua halijapinduka, Mwamvua alikuwa amemwajiri atangaze duka lake la kanga, na tuseme ukweli, macho yale yalimshawishi kuliko sauti.

Lakini kwenye biashara Mwamvua hakuwa na mchezo. Duka aliachiwa na marehemu mama yake, na ujira wa Masele usiporudi kupitia wateja wapya, lingefungwa.

"Utatangaza njia ya Seke tu," alimwambia. "Ya Songwa usiikanyage. Kila mnunuzi nitamwuliza atokako. Wa Seke nitamtilia punje ya mahindi kopo hili, wa Songwa kopo lile. Mwisho wa mwezi tutajua kama mdomo wako unalipa."

"Na moyo wangu utaupimia kopo gani?"

"Nenda zako, mchokozi!"

Mwezi ulipoisha, kopo la Seke lilikuwa na punje nane. La Songwa lilifurika.

"Shikamoo, bibi," Mwamvua alimwamkia mteja mzee wa Songwa. "Nani kawaambia habari za duka?"

"Marahaba, mwanangu. Si Masele wako? Kila adhuhuri tunamsikia mashambani."

Wivu ulimchoma Mwamvua. Jioni alimkabili Masele mlangoni.

"Songwa una nani?"

"Sina mtu! Sijakanyaga huko, mpenzi, naapa."

"Mwongo mkubwa! Usinisemeshe tena."

Siku ya nne Masele alirudi, amekonda. "Twende wote Songwa. Ukimwona huyo mwanamke, nifukuze."

Walifika jua likiwa utosini. Upepo haukuwapo. Wanawake waliokuwa wakipalilia pamba, yule bibi miongoni mwao, walikuwa wamesimama na majembe, wala hakuna aliyewasalimu. Ndipo sauti ikatoka katikati ya shamba, pasipo na mtu.

"Kanga za Mwamvua! Hazichuji, hazipauki!"

Ilikuwa sauti ya Masele. Masele mwenyewe alisimama ubavuni pa Mwamvua, mdomo umefungwa, jasho likimtiririka kidevuni.

Sauti ikasogea, ikawa ya chini. "Mwamvua. Nataka kukuoa. Itika."

Masele akamshika Mwamvua mkono. "Hayo nimeyasema moyoni tu, njia nzima ya Seke. Sasa nayasema kwa kinywa changu. Utakubali?"

"Sisi hatuiitikii," bibi alinong'ona. "Ukimwitikia huyu, ile itaondoka. Ukiiitikia ile, huyu ataondoka."

Mwamvua alilifikiria kopo lililofurika, na duka la mama yake. Kisha akamgeukia Masele.

"Nakubali."

Shamba likanyamaza. Wanawake wakainama kwenye majembe yao.

Mwezi uliofuata, kopo la Songwa halikupata hata punje moja. La Seke lilipata saba. Kabla pamba haijavunwa, Mwamvua alifunga duka, na harusi ikawa ndogo.

"Kwa hesabu, mume wangu, wewe ni hasara tupu," alimtania.

"Unajuta?"

"Hata kidogo."

Na kweli hakujuta. Ila kila adhuhuri, mumewe akilala, Mwamvua alikaa kibarazani akitazama njia ya Songwa, sauti ile ikimwita kwa mbali, ameubana mdomo kwa kiganja, asije akaitika.