Imetumwa, Ilisema Simu ya Weizero Yeshimebet

Wewe uliisoma habari ya kifo cha Weizero, yaani Bibi, Yeshimebet, ukasema dereva wa ambulensi ni mvivu, ukaendelea na chai yako. Rudi hapa.

Alikutwa amekufa asubuhi sakafuni kwake, mtaa wa Gulele. Mjane, watoto wote ng'ambo. Mlango aliuacha bila komeo ili watu wa ambulensi waingie. Mkononi alishika simu, na kioo kilionyesha neno moja: Imetumwa.

Polisi walimkamata Gezahegn, dereva wa zamu. Zinash, jirani wa marehemu, hakuwa na shaka.

"Anatafuna mirungi huyo," alimwambia Inspekta Mulumebet. "Simu hata ingelia, angesikia nini?"

Inspekta akaenda mahabusu.

"Gashe, mzee wangu, ulizima simu?"

"Mwanangu, nalala nayo kifuani. Mke wangu angekuwa hai angeona wivu." Mzee alitazama ukuta. "Haikulia. Nifungeni mimi, kesho haitalia tena, mtamleta dereva mwingine."

Simu ya Gezahegn ilikuwa imepokea wito mwingine jioni ileile Yeshimebet alipoomba msaada, naye aliukimbilia. Basi haikuzimwa. Mulumebet aliichukua, akaenda nayo nyumbani kwa marehemu, akakaa kitandani. Kwenye simu yake mwenyewe alifungua programu ya ambulensi, akaandika: Gulele, nyuma ya kinu cha nafaka. Akatuma. Simu ya dereva ikalia papo hapo.

Kisha akautazama ujumbe wa mwisho wa Yeshimebet. Mama yule alielekeza kama mji mzima unavyoelekeza, kila kona na mstari wake:

Gulele, kanisa la Mikaeli.
Pita kinu cha tefu.
Geti la bluu, mbwa hana neno.

Inspekta akaunakili vilevile, mistari yote mitatu, akatuma. Imetumwa, simu yake ikasema. Ya dereva ikanyamaza. Akaandika maneno yaleyale kwa mstari mmoja. Ikalia, ikalia, ndani ya nyumba isiyo na mtu wa kuitikia.

Nahom, mkuu wa waandishi wa programu ile, alimpokea ofisini kwa kahawa. Mulumebet hakuigusa.

"Programu yako inayafanyia nini maelezo ya mgonjwa?"

"Inayabandika katikati ya ombi, inalipeleka kwenye seva, kompyuta kuu inayowaita madereva."

"Inayabandika vipi?"

"Kama yalivyo."

"Na mtu akishuka mstari?"

"Seva haipokei mstari uliokatwa hivyo. Inaona ombi zima limeharibika, inalitupa."

"Dawa yake?"

"Usibandike. Unayakabidhi maelezo kwa kifungashio, zana iliyomo tayari kwenye lugha ya kuandikia programu. Kila kushuka mstari, kila alama ya nukuu, kinaigeuza iwe ishara ambayo seva inaielewa. Ni kazi ndogo sana, Inspekta."

"Ulijua lini?"

"Kwenye majaribio. Sisi tuliandika mstari mmoja tu: nyumba namba tano."

"Nani huku ana nyumba namba tano?"

"Muuguzi mmoja akaandika kama watu wanavyoandika. Kioo kikawa chekundu, na wakubwa wa hospitali walikuwa mlangoni. Nikauondoa wekundu. Nikaweka Imetumwa, hata seva ikikataa. Nikasema nitarudi kurekebisha."

"Wakakupigia makofi."

"Wakanipandisha cheo. Ningerudi, ningelazimika kuwaambia kwamba niliwaonyesha uongo."

"Kwa hiyo ukamwachia yule mama uongo huo afe nao. Alikaa akiamini kuna mtu njiani."

"Najua."

"Hujui. Vaa koti."

Gezahegn aliachiwa jioni hiyo. Nahom yuko ndani, na wewe umeshapumua. Usipumue. Kubandika kwa namna ile kumo kwenye programu za maji, za shule, za dawa, ulizoandika wewe au unazolipia ukijua hukuzijaribu. Fungua yako sasa, kabla hujafanya kingine. Andika maelekezo kama bibi yako anavyoyaandika, mistari yake yote, nukuu zake zote. Tuma. Kisha usiamini kioo: inuka, nenda upande wa pili, uone kwa macho yako kama yamefika.