Kona ya Nne

Tabia alipanga madumu mawili kwenye toroli, akaenda kuteka maji kwa jirani kabla magharibi haijaingia.

Ilikuwa kazi yake ya kila jioni. Kiwanja chao kilikuwa kusini mwa Johannesburg, kule lami inakokwisha na nyasi ndefu zinakoanza, na bomba lilikuwa halijafika. Miaka yote waliyokaa Yeoville walibanana kwenye chumba kimoja na kugombea choo na wasusi wa saluni mbili, mpaka mumewe, Khatibu, akasema basi, heri hema lako kuliko ghorofa la mwenzio. Wakahamia kwenye hema, wao na binti yao Nusaiba wa miaka saba, huku nyumba ikijengwa mbele ya macho yao. Tabia alifurahi mno. Alikwisha kuchagua hata upande wa kuanika nguo.

Alifika getini, akainama kuondoa jiwe la kuzuia mlango.

Alipoinua kichwa, alikuwa mbele ya hema.

Khatibu alikuwa amechuchumaa, anawasha jiko la mafuta ya taa. "Umeshateka?"

"Hata... hata sijatoka."

Khatibu akacheka. Mtu wa Tanga hakosi neno. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani! Umechoka, mke wangu. Lete hilo toroli."

Akaenda yeye. Tabia alimkazia macho. Aliuona mgongo wa mumewe ukikaribia geti, ukifika getini, ukipita...

Nyii. Nyii. Nyii.

Gurudumu la toroli lililia nyuma yake. Khatibu alikuwa anatokea upande wa pili wa hema, na safari hii hakucheka.

Wakamwita Nusaiba, wakapanda pikapu wote watatu. Injini iliwaka vizuri. Geti lilikuwa mbele yao, wazi kabisa, na barabara ya vumbi ikionekana kwa nje. Khatibu akakanyaga mafuta. Geti likaja, likaja, likaja... na breki zikapiga kelele mbele ya hema lao wenyewe.

Jua lilikuwa limeshazama, lakini giza halikuja. Wekundu uliganda juu ya nyasi. Simu ya Khatibu, ambayo huadhini yenyewe kila magharibi, ilikaa kimya. Hakuna mbwa aliyebweka. Kukazuka harufu ya ugoro na majivu baridi.

"Gogo anasema na yeye amejaribu," Nusaiba alisema.

Gogo ni bibi kwa Kizulu. Mtoto alizaliwa Joburg, na Kizulu kilimkaa mdomoni kuliko Kiswahili cha wazazi wake.

"Gogo gani, mwanangu?" Tabia alinong'ona.

Nusaiba akaonyesha rundo la matofali. "Si yule pale. Anataka kwenda kwao. Anasema baba amefunga njia."

Juu ya matofali alikaa kikongwe amejifunika blanketi. Miguu yake haikufika chini. Alikuwa akiyumba taratibu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na uso wake ulielekea kwa mtoto peke yake.

Tabia alimvuta Nusaiba kifuani.

"Baba Nusaiba!"

Sauti ilitoka kwenye ua wa waya. Alikuwa Théodore, jirani yao Mkongomani mwenye kisima, amekuja kuona kwa nini leo maji hayakuchukuliwa. Wakamkimbilia, wakapunga mikono, wakapiga kelele. Théodore aliwatazama moja kwa moja, na macho yake yakawapita.

"Muko wapi? Gari iko hapa, moto iko inawaka, watu hawako," alijisemea. Akafanya ishara ya msalaba. "Eish. Hii fasi, hii kiwanja... nilibaambia, watu ba zamani banapitaka hapa mangaribi."

Akageuka, akaenda zake. Tabia alilia waziwazi.

"Umefanya nini?" alimgeukia mumewe. "Khatibu, niambie. Umefanya nini?"

Hapo ndipo Khatibu akatoboa. Alikuwa amekizindika kiwanja kwa dawa, kama baba yake alivyokuwa akifanya kwao Tanga. Vichupa vinne vya fingo alivifukia kwenye kona nne, kichupa kimoja kila kona, ili wezi na wachawi wasiingie. Kuzindika si kosa. Kosa ni kwamba zindiko lina adabu yake. Unafunga kona tatu, unafukiza ubani, unasema aliyemo na atoke kwa salama. Ile ya nne unaiacha wazi mpaka alfajiri, kwa sababu mja hajui ardhi ina wapitaji gani. Lakini mafundi wa zege walikuwa wanakuja asubuhi ya leo, na kona ya nne ilikuwa chini ya msingi wa nyumba.

"Ukazifunga zote?"

"Nikazifunga zote. Jana, jioni ileile."

"Na yeye akiwa ndani."

Khatibu alielekea kwenye zana zake. Alichukua nyundo kubwa na sururu, akaenda kuubomoa msingi wake mwenyewe.

Ngoo! Ngoo! Zege lilikuwa bichi bado, likapasuka vipande vipande. Tabia aliokota vipande kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Kikongwe aliacha kuyumba. Mwishowe Khatibu akaingiza mkono shimoni hadi begani, akatoa kichupa kilichofungwa kitambaa chekundu.

Upepo ukaingia. Kwa mara ya kwanza jioni ile walisikia mbwa akibweka mbali.

"Njia imefunguka," Khatibu alihema. "Mshike mtoto, twende!"

Tabia akageuka. Nusaiba hakuwa nyuma yake.

Kikongwe alikuwa ameshateremka. Alikuwa anatembea kuelekea kona, polepole, na mkononi mwake amemshika Nusaiba. Mtoto alimfuata bila woga, akimweleza habari za shule. Tabia aliruka kumkamata mwanawe, mikono ikakamata hewa. Akaruka tena. Hewa. Kikongwe na mtoto walimpita Khatibu. Hatua chache tu zilibaki.

"Mama, bye," Nusaiba alisema bila kugeuka.

Kichupa kilikuwa bado mkononi mwa Khatibu, juu ya shimo. Alimtazama mkewe. Wote wawili walielewa. Njia ikibaki wazi, watu wazima wataokoka, na mtoto ataondoka na mwenye njia.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Fukia!" Tabia alipiga ukelele. "Fukia, Khatibu! Funga!"

Khatibu akafukia.

Mbwa akanyamaza katikati ya mbweko. Nusaiba akaanguka chali kwenye nyasi, akaanza kulia, na Tabia akamkumbatia, mzito, wa moto, wake. Nyuma yao matofali yalilia taratibu. Kikongwe alikuwa amerudi kukaa.

Tangu hapo ni jioni. Wanakula unga usiokwisha, wanalala bila usiku. Nusaiba haongezeki kimo. Hucheza peke yake, na akichoka kucheza peke yake hutazama matofali, na Tabia humgeuza uso. Wageni wakipotea Joburg, watu husema wamerudi kwao. Hakuna aliyewatafuta.

Kisha Théodore akatokea tena kwenye ua wa waya. Kwa Tabia ilikuwa kama juzi tu, lakini ndevu za jirani yule zilikuwa nyeupe tupu, na pikapu yao alikuwa akiiangalia kama chuma chakavu. Alikuwa na kijana mmoja na mkewe.

"Benyewe balirudi kwabo zamani," aliwaambia. "Lakini mimi, kuingia, siingie."

"Mzee, sisi tumezoea mashamba," mwanamke alicheka, Kiswahili chake cha Mombasa kitupu. "Tutapiga hema tu huku tukijenga."

Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike, rika la Nusaiba. Akainua waya ili mwanawe apite chini yake.

Tabia alijaza pumzi kifuani. Pengine mwanamke kwa mwanamke, pengine mama kwa mama, huyu angemsikia akimwonya. Akafungua mdomo.

Ndipo akamwona Nusaiba. Alikuwa amesimama, anamtazama yule mtoto, anatabasamu.

Tabia akafunga mdomo.