Sitara ya Bi Zeyana

Harufu ya kafuri ilianzia kwenye unga. Mastura alikuwa akikanda unga wa chapati nyumbani kwake Ngamiani, Jumatatu asubuhi ya mwaka 1954, akasikia mikono yake inanuka kama ya maiti aliyekwisha kuoshwa. Akainawa kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Harufu ikabaki. Mumewe, Haji, alitafuna kipande kimoja, akasukuma sahani.

Siku tano kabla yake Mastura alikuwa amepanda cheo, kama kazi ile ina vyeo. Miaka minane alikuwa msaidizi wa Bi Harusi, mwosha maiti wa wanawake wa mtaa: alichota maji na kushika shuka, basi. Alipofariki Bi Zeyana, mke wa mfanyabiashara Badr, miguu ya Bi Harusi ilikuwa imevimba.

"Leo utaosha weye, mwanangu," bibi alisema. "Mie n'takaa kitini nikutazame."

Mastura akaosha, na akaosha vizuri. Nimpe haki yake: mikono ile ilizaliwa kwa kazi ile. Ulimi ndio uliomponza.

Kiunoni mwa marehemu alikuta kigwe chekundu chenye hirizi saba, za kufugia jini. Mwosha hasemi alichokiona. Hata mtoto wa chuoni analijua hilo. Lakini kesho yake, bombani, wanawake walimvika kilemba cha ukoka. "Sasa weye ndiye bibi mkubwa! Ehe, ulikuta nini?" Naye, kichwa kimevimba, akasema. Kufika Jumapili, posa ya Sabiha, binti wa marehemu, iliyotoka Pangani, ilikuwa imevunjwa. Nani aoe nyumba yenye jini?

Jumanne, adhuhuri, alisikia maji yakimwagwa bafuni. Alipokwenda, hakukuta mtu, na sakafu ilikuwa kavu. Ila nywele zake, chini ya kanga, zilikuwa zimelowa chapa. Jumatano maji yakamwagwa tena, na ubavu wake wa kulia ukapata baridi. Alhamisi ukalowa wa kushoto, na vidole asivyoviona vikamkanda tumbo polepole, kama yeye alivyomkanda Bi Zeyana, na kabla hajapata sauti ya kumwita Haji akasikia chumbani nguo ikichanwa, pande la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kisha kimya, kimya cha mtu anayengoja, naye akakumbuka kwamba sanda ya mwanamke ni mapande matano.

Alikimbia peku mpaka kwa Bi Harusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umelowa?"

Akamweleza kwa kunong'ona. Bi Harusi alifumba macho.

"Jini huyo hataki ubani wala mbuzi. Anataka sitara ya mtu wake. Nenda bombani, useme ulisema uwongo."

"Lakini ni kweli, bibi!"

"Najua. Si n'likuwa kitini pale?"

"Wakisikia n'memzulia maiti, hawataniita kuosha tena. Maisha."

"Hawatakuita," bibi alisema, na machozi yakamtoka. "Na mie sina mwengine niliyemfundisha."

Mastura alikwenda. Alisimama mbele ya ndoo zao akasema alizua, hakuona chochote. Mmoja alimtemea mate. Sabiha alikuwepo, akimtazama. Mwezi haukwisha, watu wa Pangani walirudi kuomba radhi. Bafuni pakatulia, mikono ikanuka sabuni tu. Aibu ndiyo haikumtoka. Kila alipopita nyumba ya Badr alivuta kanga usoni.

Mwezi wa Rajabu Bi Harusi alifariki. Aliletwa mwosha kutoka Tongoni, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona bibi akiwa hai. Mastura alikuwa uani na wapishi, akamsikia akiuliza ndani, "Mguu upi ulikuwa ukimuuma zaidi, n'unyanyue taratibu?"

Hakuna aliyejua. Mastura alijua ni wa kushoto. Alifungua mdomo, wanawake wote wakageuka kumtazama, akaufumba.