Ng'ombe Aliyekufa Akingoja Amri

Kila Jumamosi asubuhi Selpha alimpelekea baba yake chai na viazi vitamu kazini. Baba yake, Kituyi, alikuwa mkamuaji katika shamba moja kubwa kati ya Eldoret na Turbo. Kazi hiyo aliianza enzi za mzungu. Mzungu alipouza shamba, likanunuliwa na wakulima waliochanga fedha zao, Kituyi alibaki akiwakamua ng'ombe wale wale.

Zamani wakamuaji walikuwa wakiimba. Sasa zizi lilikuwa kimya. Meneja mpya, Gathogo, alikuwa mtu mwaminifu na mchapakazi, lakini hakumwamini mwingine hata na ufagio. Ndoo ikae wapi, kamba ifungwe mafundo mangapi, yote aliamua yeye. Nyimbo alizipiga marufuku. Mfanyakazi mmoja aitwaye Wanyama, aliyetengeneza lango lililoanguka bila kuagizwa, alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo watu walifanya walichoambiwa, wakaishia hapo.

Jumamosi hiyo Gathogo alikuwa akiingia garini kwenda mjini.

"Kituyi! Saa moja na nusu ng'ombe waingie kwenye majani mapya kule chini. Sikusema saa mbili."

"Bwana, umande bado..."

"Wewe unalipwa kukamua au kufikiri?"

"Kukamua, bwana."

Gari likaondoka. Adongo, mkamuaji mwenzake, akacheka kwa uchungu. "Hapa hata kupiga chafya uombe ruhusa."

"Baba," Selpha akasema, "si wewe uliniambia majani machanga yenye umande huvimbisha ng'ombe?"

"Kunywa chai, mama."

"Lakini chai ni yako!"

Kituyi akawaelekea ng'ombe. Saa moja na nusu ilipofika, akafungua lango.

Hata saa nzima haikupita. Ng'ombe mwekundu, aliyetoa maziwa mengi kuliko wote, aliacha kula. Tumbo likafura upande wa kushoto, likakaza kama ngoma. Akatoa ulimi nje, akahema. Enzi za mzungu Kituyi aliwahi kuokoa ng'ombe wanne wa namna hiyo. Alijua mahali hasa pa kutoboa ili hewa itoke. Kisu kilikuwa kiunoni mwake.

"Baba, toboa!"

Mkono wa Kituyi ukagusa mpini, ukarudi chini. "Akifa, atasema nimemuua mimi. Atanifukuza, na nyumba ni ya shamba. Tutalala wapi? Karo yako italipwa na nani?"

"Adongo, mwambie!"

Adongo akatazama barabara. "Labda bwana atarudi mapema."

Wakamuaji wengine watatu wakaja mbio, nao wote wakasimama. Watu wazima watano na mtoto mmoja, wakimtazama ng'ombe. Selpha alilia, akavuta shati la baba yake, lakini ilikuwa kama kuvuta mti. Ng'ombe akapiga magoti, akaanguka, akakata roho.

Gathogo alirudi adhuhuri, pamoja na mwenyekiti wa wenye shamba, Mzee Nderitu. Alipoona mzoga akashika kichwa.

"Watu wote hawa! Hakuna aliyefanya kitu?"

"Hukutuagiza, bwana," Kituyi akasema. Hakusema kwa kiburi. Ndivyo ilivyokuwa.

Mzee Nderitu akamgeukia Kituyi. "Ulijua dawa yake?"

"Nilijua, Mzee."

"Gathogo, huyu mtu ana miaka kumi na minane na ng'ombe. Wewe una miwili. Tulikupa watu wenye akili, ukawafanya miti ya uzio." Gathogo akainamisha kichwa. "Kuanzia leo mambo ya ng'ombe ni ya Kituyi. Wanyama aitwe arudi. Wewe utauliza kabla ya kuamuru."

"Nimekosa, Mzee," Gathogo akasema polepole.

Jioni, njiani kurudi nyumbani, Selpha akauliza, "Baba, sasa umefurahi?"

"Hapana. Yule ng'ombe nilimzalisha mwenyewe." Wakatembea kidogo. "Sikiliza, Selpha. Ukiwa mkubwa ukapewa watu, waonyeshe kazi, kisha waache waifanye. Ukiwashika mikono kila saa, siku ya shida mikono hiyo haitainuka. Gathogo alikosa. Lakini na mimi nilikuwa na kisu, nikaogopa. Hilo pia ni kosa, usilisahau."

Selpha akamshika mkono.