Dobi, Binti Yake na Kipindi cha "Nani Kaandika?"

Dobi alikuwa na duka dogo la kufulia nguo. Mbele palikuwa na meza ya kupigia pasi. Nje palikuwa na kamba tatu za kuanikia. Nyuma ya duka palikuwa na vyumba viwili. Humo aliishi na mkewe na binti yao wa miaka minane.

Binti huyo walimwita Chiriku. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Akiamka, anaongea. Akila, anaongea. Hata akipiga mswaki anaongea, povu linamtoka mdomoni.

Mama yake alikuwa mpishi wa hospitali. Aliondoka alfajiri, akarudi saa kumi na mbili jioni, miguu imemvimba.

Juu ya rafu ya sabuni kulikuwa na runinga ndogo. Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, Chiriku alivuta kiti chake mbele ya rafu hiyo. Ulikuwa wakati wa kipindi cha watoto kiitwacho "Nani Kaandika?"

Kipindi hicho kilihusu watoto watatu wanaokaa katika jengo la ghorofa. Vitu vinapotea humo. Mara baiskeli, mara ngazi, mara paka wa mlinzi. Kila kitu kinapopotea, mtu asiyejulikana anapenyeza karatasi chini ya mlango. Karatasi hiyo inajaa kwenye kioo chote cha runinga. Ngoma inapigwa mara kumi. Hakuna anayeisoma kwa sauti. Anayetazama ndiye anayepaswa kusoma.

"Baba! Baba! Imeandikwaje?" Chiriku aliuliza.

"Mvuke wa pasi umeniingia machoni," Dobi alijibu. "Soma wewe. Wewe ndiye mwanafunzi."

"Imeandikwa... mwizi ni muuza maziwa!"

"Haya, umesoma vizuri."

Karatasi haikusema hivyo hata kidogo. Chiriku alikuwa amebahatisha. Baba yake hakujua.

Siku moja Chiriku alirudi na barua ya mwalimu. Dobi aliipokea, akaitazama, akaiweka mezani. Jioni mkewe aliifungua, akaisoma kwa sauti:

"Mtoto wenu anakariri. Hasomi. Anasikia wenzake wakisoma, kisha anarudia kama alivyosikia. Nikifunika picha, hawezi hata mstari mmoja. Tafadhali msaidieni, la sivyo atarudia darasa."

Mama alichukua kitabu cha Chiriku. Akafungua ukurasa wa ng'ombe, akafunika picha kwa kiganja.

"Haya, mwanangu. Soma."

Chiriku alitazama herufi. Akamtazama mama. Akatazama sakafu.

"Toa mkono, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Dobi alisimama ghafla. "Ni hii runinga! Hii ndiyo inayomharibu. Kuanzia leo, izimwe!"

Alhamisi ilipofika, runinga ilikuwa imezimwa. Chiriku alikaa kwenye kiti chake akilia kimyakimya. Wakati huohuo aliingia mteja kuchukua mashuka yake. Alikuwa mkutubi, mwanamke anayetunza vitabu katika maktaba ya mtaa.

"Hodi jamani. Kulikoni? Leo duka limepoa hivi?"

Dobi alimweleza yote. Mkutubi aliweka mashuka chini.

"Pole, kaka. Lakini runinga umeionea bure. Kipindi hicho nakijua. Ni kizuri. Shida ni kwamba mtoto anakitazama peke yake. Runinga haiwezi kumwambia kwamba amekosea. Anahitaji mtu wa kukaa naye."

"Nikae naye nifanye nini?"

"Karatasi ikitokea, asome silabi kwa silabi. Kipindi kikiisha, yaandikeni maneno yale. Kesho yake myasome tena, bila picha. Tazama." Alichukua chaki ya kuwekea alama nguo, akaandika mezani. "Pa, ka. Paka. Akishaijua hii 'pa', ataikuta kwenye pazia. Ataikuta kwenye pasi yako hii. Akikosea, usimcheke wala usimfokee. Mwache ajaribu tena. Robo saa kila siku inatosha."

Dobi alikunja shati lililokuwa limekwisha kunjwa. Akalikunjua, akalikunja tena.

"Dada," alisema polepole, "hiyo 'paka' uliyoandika hapo... mimi naiona kama mikwaruzo tu. Wenzangu walipokuwa darasani, mimi nilikuwa nachunga mbuzi. Mke wangu anajua. Mtoto hajui."

Mkutubi hakucheka. Hakumwonea huruma pia.

"Basi mko wawili," alisema. "Kila Jumatatu na Jumatano asubuhi kuna darasa la watu wazima maktaba. Yuko fundi bomba, yuko mama muuza mboga, yuko babu wa miaka sabini anayenisumbua kwa maswali. Njoo. Na huku nyumbani usisubiri mpaka ujue. Mwombe mtoto akusomee. Muulize, 'Hapa pana nini? Umejuaje?' Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumsikiliza mtoto wake akisoma."

Alipoondoka, Dobi aliketi sakafuni karibu na kiti cha binti yake.

"Chiriku."

"Bee, baba."

"Si mvuke unaoniingia machoni. Baba hajui kusoma."

Chiriku alifuta pua kwa mkono.

"Hata mimi," alisema.

Akateleza kutoka kwenye kiti, akakaa sakafuni pembeni ya baba yake. Dobi akanyoosha mkono, akawasha runinga.

Haikuwa kazi rahisi. Karatasi ya kwanza ilisema ngazi imefichwa. Wao walisoma nazi. Walitafuta nazi katika kipindi kizima, wasiione. Mama aliporudi na kulisoma neno walilolinakili, alicheka mpaka akashika mbavu, na wao wakacheka pamoja naye. Lakini neno hilo hawakulikosea tena.

Mama aliwaandikia maneno kwenye vipande vya boksi la sabuni. Mlango. Beseni. Dirisha. Kila kipande kilibandikwa mahali pake. Wiki iliyofuata alivibandua, akavichanganya, wao wakavirudisha. Siku ya kwanza beseni lilibandikwa jina la dirisha.

"Baba, hii inaanza na 'di'. Beseni lina 'di'?"

"Halina. Nimepotea. Ngoja nianze upya."

Asubuhi za darasa, Dobi alifungua duka kwa kuchelewa. Wateja walinung'unika kidogo, kisha wakazoea. Kalamu ilimtoa jasho kuliko pasi. Robo saa ya kila siku ilikuwa palepale, kipindi kiwepo kisiwepo.

Miezi minne ikapita. Mwalimu alimwita Chiriku mbele ya darasa, akampa kitabu ambacho hakuwahi kukiona. Akafunika picha. Chiriku alisoma. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya maneno, lakini alisoma ukurasa mzima. Hakurudia darasa.

Jumamosi moja mama alirudi kazini amechoka. Alikuta duka limefungwa na karatasi imepenyezwa chini ya mlango. Aliutambua mwandiko wa Chiriku.

"Mama, kuna kitu kimepotea. Nenda kwenye kabati."

Mama akatabasamu. Akaenda kwenye kabati. Kulikuwa na karatasi nyingine.

"Siyo hapa. Tazama chini ya mto."

Akaingia chumbani, akainua mto. Karatasi ya tatu ilikuwa imekunjwa mara nne, vizuri, kama shati. Aliifungua. Herufi zake zilikuwa kubwa. Nyingine zilipanda juu, nyingine zilishuka chini.

"Mke wangu. Pole na kazi. Leo tumepika sisi. Wewe kaa."

Mama alikaa kitandani. Walikuwa wameoana kwa miaka kumi na mmoja. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kuuona mwandiko wa mumewe.

Nyuma ya pazia kulisikika minong'ono. Kisha Chiriku akachungulia.

"Mama, mbona hutoki? Hujaelewa maandishi? Ya baba hayo. Ni mabaya kidogo, lakini yanasomeka."

"Nimeelewa, mwanangu," mama alisema, akifuta macho. "Chakula kingojee kidogo. Nataka kuisoma tena."