Meno ya Bosi

Kila asubuhi Persis alipokamua ng'ombe, Bosi alikaa pembeni akingoja maziwa yake. Bosi alikuwa paka. Alipewa jina hilo kwa sababu panya wote wa boma walimwogopa.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Panya walitoboa magunia ya mahindi, na Bosi alilala tu.

"Ameshiba sana," alisema Joash, mume wa Persis. "Mnyime maziwa. Akisikia njaa atawinda."

Persis alimnyima. Bosi alikonda, lakini hakushika panya.

"Basi Jumapili nampeleka soko ya Mosocho, nimpatie mtu," Joash alisema. "Hatuwezi kulisha panya na paka pia."

Persis aliumia moyoni. Alimpenda sana paka huyo.

Kabla ya Jumapili kufika, Damaris, daktari wa mifugo, alikuja kutibu ndama. Persis alimweleza habari za Bosi. Damaris alimshika paka taratibu, akamfunua mdomo.

"Mama Mose, kuja uone," alimwita Persis.

Harufu mbaya ilimpiga Persis. Ufizi ulikuwa mwekundu, umevimba. Jino moja lilikuwa limeoza.

"Huyu si mvivu, ni mgonjwa," Damaris alisema. "Paka huficha maumivu."

Persis alistaajabu. Kiumbe kidogo hivi kilibeba uchungu wote huo bila kulia! "Na sisi tukamnyima chakula," alisema kwa huzuni.

Bosi alipelekwa kliniki mjini Kisii. Alidungwa sindano ya usingizi, jino likang'olewa. Kidonda kilipopona, Damaris alirudi kuwafundisha kumsafisha meno.

"Nitumie dawa yetu ya meno?" Joash aliuliza.

"Hapana, Baba Mose. Ya watu inadhuru paka. Nunua yake, ama tumia maji safi tu. Anza na kitambaa laini kwa kidole. Akizoea, chukua mswaki mdogo, laini. Sugua meno upande wa nje, polepole, kila siku. Akikataa, mwachilie, ujaribu kesho."

Joash alijaribu. Bosi alipopiga miayo, Joash alitoa macho.

"Mama Mose! Ulimi wake uko na miiba midogo! Na hayo meno! Mungu ni fundi!"

Tangu hapo kazi ya mswaki ikawa yake. Hakutaka mtu mwingine aiguse.

Asubuhi moja Joash alitoka kwenda kuchuma majani chai. Juu ya gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira, palikuwa na panya mnene, amekufa. Bosi alikaa kando, akimtazama.

Joash alivua kofia. "Umeniletea mimi," alisema kwa sauti ndogo, "mimi niliyetaka kukufukuza?"

Kisha akaenda mwenyewe kumletea maziwa.